Umeangukia Wapi?

Chumba cha plasta kilikuwa karibu na mwisho wa korido, baada ya maabara na kabla ya chumba cha kufulia, na mgeni alielekezwa kwa maneno mawili tu: fuata weupe. Vumbi la plasta lilikuwa limeganda sakafuni miaka na miaka, unyayo juu ya unyayo, likakufikisha mpaka mlangoni. Hapo ulimkuta mama mmoja mpana wa mabega, mikono imekauka unga mweupe hadi kwenye viwiko, anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyechelewa.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye faili. Watu walimwita Mama Plasta, na hata mumewe, siku akiwa na hasira, alimwita hivyo hivyo.

Alianza hospitalini hapo akiwa mfagizi. Fundi wa zamani, mzee mkali asiyependa kusumbuliwa, alimkuta siku moja amesimama na fagio mkononi, hafagii.

"Unatazama nini?"

"Natazama unavyokosea, mzee."

Mwingine angefukuzwa papo hapo. Mzee alikunja uso. "Nimekosea nini?"

"Yule kaka wa asubuhi umemkaza mno. Amepita pale kwangu vidole vimevimba kama ndizi, anaona aibu kurudi."

Mzee alituma mtu amfuate yule kaka, akaikata plasta, akavitazama vile vidole vikirudiwa na damu. Kesho yake alimkabidhi yule binti wa fagio ndoo ya maji ya uvuguvugu akamwambia, "Fagio weka pembeni." Miaka miwili baadaye alipelekwa kozi, akarudi na cheti, na mzee alipostaafu hakuna aliyeuliza nani atamrithi.

Akakaa humo miaka ishirini na miwili. Alijua kunyoosha kifundo cha mkono huku anamuuliza mgonjwa habari za watoto, na mtu akashtukia mfupa umerudi mahali pake kabla hajamaliza kumtaja kitindamimba. Lakini dogo hakuwa nalo. Ukimwambia jambo la uongo, alikwambia ni la uongo, hata uwe umelala kwenye kitanda chake umevunjika miguu yote miwili.

Mambo yalianza msimu mmoja wa mvua, siku aliporudi fundi cherehani.

Alikuwa mama mwembamba, mjane, mwenye kibanda cha kushonea sare za shule. Miezi saba nyuma Mama Plasta alimfunga mkono wa kulia, akamfungua, akamwambia asionekane tena. Sasa alikuwa ameketi pale pale, mkono ule ule kwenye mapaja, umepinda pale pale.

"Dada yangu," Mama Plasta alisema, "nikuwekee kitanda cha kudumu? Umeangukia wapi?"

"Pale pale."

"Pale wapi?"

"Ngazi za soko. Kule nilikoangukia mara ya kwanza."

Ngazi za soko zilishuka kutoka kituo cha mabasi hadi sokoni, vidato thelathini na kimoja, na katikati zilikatwa na mtaro. Vifuniko vitatu vya mtaro vilikuwa havipo. Maji yalichuruzika juu ya vidato mvua ikinyesha na isiponyesha, yakaotesha utelezi wa kijani. Taa ya pale ilikuwa nguzo tu. Mama Plasta mwenyewe alipita njia nyingine kwa sababu ya magoti yake, na alikuwa hajawahi kuwaza wanaopita ile.

"Na mbona hukusema mara ya kwanza?"

"Nani aliniuliza?"

Alichukua fomu ya mgonjwa. Palikuwa na mstari mmoja, chanzo cha kuumia, na daktari alikuwa ameandika neno moja: kuanguka. Akavuta fomu za wiki nzima kutoka kwenye kikapu. Kuanguka. Kuanguka. Kuanguka. Utadhani mji mzima umelewa.

Alipomaliza kuviringisha pamba na kuilaza bendeji ya mwisho, fundi cherehani aliutazama ule mzigo mweupe, machozi yakamlengalenga. "Sasa kila nitakayekutana naye ataniuliza, umefanyaje, umefanyaje. Nimechoka kujibu. Niandikie hapo juu wasome wenyewe."

Alisema kwa uchungu wa moyo, hakuwa anatania. Mama Plasta aliipa plasta muda ikauke kidogo, akachukua kalamu nene ya kuandikia chupa za maabara, akaandika kwa herufi kubwa: NGAZI ZA SOKO. MARA YA PILI.

Kwenye benchi nje, mchuuzi wa vyombo mwenye kiwiko kilichotoka aliyasoma yale maandishi akacheka hadi akakumbuka kwamba kucheka kunamuuma. "Hata mimi ni pale! Niandikie, mama. Mimi mara ya kwanza."

Tangu siku hiyo Mama Plasta akawa haanzi kazi bila kuuliza. Alinunua daftari la mistari, akalitundika kwa kamba kwenye msumari kando ya sinki, na kila aliyeingia alijibu kwanza: umeangukia wapi, saa ngapi, ulikuwa umebeba nini. Mwezi mmoja ulipotimia alikuwa amewafunga watu thelathini na wawili walioanguka. Kumi na watatu walikuwa wa ngazi zile zile.

Akalibeba daftari kwenda kwa mganga mkuu, aliyesimamia hospitali na idara yote ya afya ya mji. Alikuwa mtu mpole mwenye mafaili mengi. Alisoma kurasa mbili kwa makini, akalifunga.

"Kazi nzuri, Mama. Lakini sisi tunatibu. Ngazi ni watu wa ujenzi."

Akaenda ujenzi. Ofisi ya mhandisi wa mji ililindwa na karani wake, ambaye kwa bahati, au kwa balaa, alikuwa dada wa mume wa Mama Plasta.

"Wifi, leo umekuja kunisalimia au kunifukuzisha kazi?"

"Vyote viwili. Yupo?"

Mhandisi alikuwepo, na wala hakuwa mtu mbaya. Alitoa ramani, akaonyesha. "Vile vifuniko nimeviweka mara mbili. Maji yanakula zege, vinakatika. Watu wa maji wakiziba bomba lao hata kesho naweka vya tatu."

Idara ya maji walisema bomba liko chini ya njia, na njia ni ya ujenzi, hawawezi kuchimba bila kibali. Watu wa taa walisema nguzo haiwezi kupandishiwa waya wakati udongo wa chini unaoshwa na maji. Polisi walisema wao hawana la kufanya, labda aletwe mtu aliyesukumwa. Alizunguka wiki tatu, siku zake za mapumziko zote, akitumwa mlango hadi mlango kama barua isiyo na anwani. Na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakuna aliyemdanganya. Kila mmoja alisema kweli yake, akafunga dirisha.

"Wanatupiana mpira," alimwambia wifi yake jioni, wakichambua mboga uani, "na mpira wenyewe ni mikono ya watu."

"Wifi, hao ni wakubwa. Utamwaga unga."

"Unga mimi namwaga kila siku. Tazama sakafu yangu."

Wifi alicheka mpaka akadondosha kisu. Mume wa Mama Plasta, aliyekuwa kizingitini anashona soli ya kiatu, alinyanyua kichwa akasema, "Wewe dada yangu cheka tu. Anayeishi na huyu ni mimi."

Lakini maandishi yalikuwa yameshatoka hospitalini yakaingia mjini. Mwalimu mkuu alisimama mbele ya shule nzima na mkono shingoni: NGAZI ZA SOKO. Muuza mboga alipima nyanya kwa mkono mmoja, wa pili ukisomeka: NGAZI ZA SOKO, NA MZIGO KICHWANI. Watu walianza kuhesabiana. Kisha akaanguka askari wa usalama barabarani, aliyekuwa anamkimbilia mwizi wa simu. Mwizi alijua kidato gani cha kuruka, askari hakujua.

"Nawe nikuandikie?" Mama Plasta alimuuliza. "Mimi siandiki mtu bila ruhusa yake."

Askari alifikiri kidogo. "Andika upande wa kiganja."

Jumatatu alirudi kazini kwenye njia panda kubwa, mkono wa kushoto umefungwa, na kila aliponyanyua mkono huo kusimamisha magari, foleni nzima ya madereva ilisoma: NGAZI ZA SOKO. Ilikuwa asubuhi, watu wanakwenda makazini, na njia panda ile ilipitwa na wakuu wote wa mji.

Saa tano mganga mkuu alimwita. Mezani palikuwa na barua iliyokwisha kupigwa muhuri.

"Mama, nimepigiwa simu nne. Kuanzia leo hakuna kuandika kwenye plasta. Plasta ni mali ya hospitali."

"Ikishakauka kwenye mkono wa mtu bado ni mali ya hospitali?"

"Mama, tafadhali."

"Basi mfuate yule askari umvue."

Mganga mkuu alivua miwani akajisugua macho. "Weka sahihi hapa kwamba hutarudia, yaishe. Sitaki kukuadhibu."

Aliisoma barua yote, neno kwa neno, amesimama. Kisha akachukua kalamu, akaandika chini yake: Nimepokea. Nitaendelea kuuliza. Akaweka sahihi hapo.

Kesho yake alihamishiwa chumba cha kufulia.

Haikumuuma kazi ya mashuka. Aliinua mizigo mizito kuliko hiyo ujana wake wote. Kilichomuuma ni kusikia kupitia ukutani ndoo yake ikiburutwa na mtu mwingine. Siku ya kwanza alikunja mashuka mia moja na arubaini. Siku ya pili, dirisha la kufulia liligongwa. Nje alisimama kondakta wa basi, plasta yake bado inatoa mvuke.

"Wewe ndiye Mama Plasta? Wameshanifunga kule ndani. Wamesema kuandika ni marufuku."

"Umeangukia wapi?"

"Ngazi za soko."

Alitazama korido. Akatazama lile dirisha, lililofunguka upande wa bustani, nje kabisa ya wodi. Kalamu ilikuwa mfukoni mwa aproni.

"Ulete mkono," alisema.

Kufikia mwisho wa wiki palikuwa na foleni kwenye dirisha la kufulia. Waliofungwa zamani walirudi kupigiwa wino upya maandishi yaliyofifia. Fundi cherehani alikuja kila siku, hakuwa na pa kwenda, akakaa kwenye ngazi ya nyuma akaliandika daftari kwa mkono wa kushoto, herufi zinapepesuka, wakati Mama Plasta anakunja. Mtu fulani alileta benchi.

Wifi alikuja Jumanne, ameficha nusu ya uso kwa mtandio utadhani anakwepa wadai. "Alhamisi, saa nne asubuhi, baraza la mji linakaa. Mlango uko wazi kwa wananchi. Mimi sijakwambia kitu."

"Wewe nani? Sikujui."

"Hivyo hivyo," wifi alisema, akaondoka.

Alhamisi aliomba ruhusa ya nusu siku, akanyimwa, akaenda. Walimfuata watu kumi na tisa. Walikaa viti vya nyuma, vya umma, kimya, mikono imelala mbele yao kama vigogo. Madiwani waligeuka, wakasoma, wakageukia mbele tena. Mwenyekiti wa baraza, mama wa makamo mwenye sauti kavu, alisoma muhtasari wa kikao kilichopita, akauliza kama ilivyo desturi ya vikao: "Wanaokubali wanyooshe mikono."

Ikanyooka mikono kumi na tisa ya plasta.

Wakaangua kicheko hata walinzi. Karani wa baraza alisimama akifoka, "Ninyi hampigi kura! Shusheni mikono!"

"Hawawezi kuishusha haraka," Mama Plasta alisema akiinuka. "Imevunjika."

Mwenyekiti aligonga meza, watu wakatulia. Alimtazama yule mama mwenye aproni ya dobi kwa muda. "Una dakika mbili."

Mama Plasta alipangusa viganja kwenye aproni. Hotuba aliyoandaa ilimpotea yote. Alifungua daftari.

"Wiki tisa. Mifupa sabini na mmoja. Thelathini ni ngazi za soko. Nimekwenda ujenzi, wakanituma maji. Maji wakanirudisha ujenzi. Taa wananiambia ningoje maji. Bosi wangu ananiambia yeye anatibu tu. Wote wako humu, nawaona. Siwaombi majibu, majibu ninayo mengi, yamejaa daftari. Nataka wasimame pale ngazini, wote, kwa saa moja. Sasa hivi. Wakienda wasione kitu, nitakwenda kufua mashuka na hamtanisikia. Ila wakikataa kwenda, hawa watu nitawaleta kila Alhamisi, na kila Alhamisi watakuwa wengi zaidi."

Diwani mmoja alisema huo ni utovu wa nidhamu. Mwenyekiti alishageukia viti vya nyuma. Alikuwa anamtazama fundi cherehani, aliyekuwa bado amenyoosha mkono: MARA YA PILI.

"Kikao kinaahirishwa kwa saa moja," alisema. "Wakuu wa idara, twendeni ngazini."

Ilikuwa mara ya kwanza watu wale kusimama mahali pamoja bila meza kati yao. Mhandisi alionyesha vifuniko vilivyoliwa. Mtu wa maji, aliyekuja amenuna, alikunja suruali akapiga magoti kwenye utelezi, akaingiza mkono mtaroni, akapapasa. Akainama zaidi. Akapapasa tena.

"Hili siyo bomba letu," alisema.

"Mnaanza tena," mhandisi alisema.

"Siyo letu! Letu ni la chuma, lile pale, kavu. Hili ni la plastiki, linatoka juu huko." Aliinuka akalifuata kwa macho, wote wakafuata, kupita ukuta wa soko, kupita mabanda ya samaki wakavu, hadi kwenye jengo dogo la matofali lenye milango miwili. Choo cha soko.

Mtu wa taa ndiye aliyeuliza. "Vyoo vya umma viko idara gani?"

Wote wakageuka kutazama juu. Mganga mkuu alikuwa amesimama kidato cha juu kabisa, miwani mkononi. Vyoo vya umma vilikuwa chini ya afya.

"Basi ni sisi," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini aliisema mbele ya watu wote. "Miaka yote hii ni sisi."

Mama Plasta alikuwa amejiandaa kugombana na mtu yeyote pale isipokuwa huyo. Alitaka kufurahi, akashindwa. Alimwona jinsi alivyoitazama mikono iliyofungwa mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu, kama anayesoma orodha. Akamwambia tu, "Sasa daktari, unajua pa kuanzia."

Mtu wa maji alilifunga lile bomba mchana ule ule, ingawa halikuwa lake. Mhandisi aliandika kibali cha kuchimba akiwa ameegemeza karatasi kwenye mgongo wa diwani yule wa nidhamu. Vifuniko viliwekwa siku ya kumi na moja, zege likiwa kavu chini yake. Taa ilichukua miezi minne, na Mama Plasta aliitembelea ofisi yao kila wiki ya miezi hiyo minne mpaka mlinzi akawa anamfungulia lango bila kumuuliza. Askari walisimama pale saa za soko kufungwa, nao wazima moto wakaja na mpira wao wakasugua vidato vyote thelathini na kimoja.

Alirudishwa chumba cha plasta bila barua yoyote. Barua ya onyo ilibaki kwenye faili. Mganga mkuu alimwambia aandike mistari miwili ya kuomba radhi, naye ataifuta. Alijibu kwamba hana kosa la kuombea radhi, na kama ni kufuta, afute aliyeandika. Haikufutwa. Hilo halikuwazuia kukaa meza moja, kwa sababu mganga mkuu huyo huyo ndiye aliyeamuru wakuu wakutane kila Jumanne saa mbili asubuhi, na siyo ofisini: ndani ya chumba cha plasta, ambamo huwezi kuongea kwa dakika tano bila mtu kuletwa analia.

Mama Plasta alisoma daftari, na kila mahali palipotajwa ilibidi watu wawili au watatu waseme tutakwenda pamoja lini. Hivyo wakapaona pa kuvukia mbele ya shule. Wakawaona wazee wanaoangukia majumbani mwao, jambo ambalo hakuna idara iliyokuwa nalo, mpaka mkuu wa zima moto akasema vijana wake kukiwa hakuna moto wanasafisha gari lililo safi. Wakaanza kupita nyumba kwa nyumba na muuguzi, wakipigilia vishikio vya mbao kwenye milango ya bafu, wakiondoa mikeka inayoteleza. Wazee waliwapenda kupita kiasi. Kikongwe mmoja aliripoti mkeka ule ule mara tatu ili waje tena kupiga soga.

Walioanguka ngazini walipungua hadi wawili kwa mwezi, halafu mwezi mmoja hakuna. Mkono wa fundi cherehani ulipona umepinda kidogo; kitambaa kizito hawezi kukikata tena, na hilo hakuna kikao kilichoweza kulirudisha. Sasa anashona sare za madarasa ya chini tu, na daftari la Jumanne bado analiandika yeye, kwa mkono wa kushoto, ambao umezoea.

Mwaka wa tatu ulikuja waraka kutoka juu: kwa kuwa idadi ya walioumia imeshuka, vikao vya pamoja havina haja tena, kila idara irudi kwenye majukumu yake. Mganga mkuu alishahamishwa. Mpya alibandika waraka kwenye ubao wa korido, na wengi walipita wakausoma.

Mama Plasta naye aliusoma. Jumanne iliyofuata alifika saa moja na nusu. Alipangusa vumbi kwenye benchi, akaviweka viti vitano ukutani, akalitoa daftari kwenye msumari. Kama hakuna atakayekuja, alijisemea, nitawasomea viti.

Saa mbili kasoro alisikia buti za kazi kwenye korido. Mtu wa maji aliingia, hakusalimia, akakaa. Akafuata mkuu wa zima moto na muuguzi wake. Mhandisi alikuja amebeba kigoda chake mwenyewe, kwa sababu, alisema, kiti cha hospitali kinamvunja kiuno na hataki kuandikwa kwenye daftari. Wifi alichungulia mlangoni, akasema hayupo, akaingia.

"Mmeusoma waraka?" Mama Plasta aliuliza.

"Waraka upi?" mtu wa maji alisema.

Wakaanza saa mbili na dakika tano, kwa ajili ya kumngoja mtu wa taa, ambaye siku zote huchelewa.